Tangi la papa mdogo: pima sakafu kabla ya kuhesabu lita

Kila anayetaka kufuga papa nyumbani huanza na swali moja: lita ngapi? Si swali baya, ila halifai kuwa la kwanza. Lita hukuambia maji yatachafuka kwa kasi gani na utanunua chumvi kiasi gani. Hazikuambii kama papa ataweza kugeuka bila kuchubua pua.

Chukua matangi mawili. La kwanza lina urefu wa sentimita 150, upana wa 60 na maji ya kina cha 120: lita 1,080. La pili lina urefu wa sentimita 210, upana wa 105 na maji ya kina cha 50: lita 1,102. Kwa hesabu ya lita hayo ni mapacha. Lakini papa wanaofugika nyumbani huishi chini, mchangani, na huko chini tangi la kwanza lina mita ya mraba 0.9 tu huku la pili likiwa na 2.2. La kwanza ni ujia, la pili ni uwanja. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na sakafu ya tangi, na lita zitakuja zenyewe.

Hatua ya kwanza: jua ni papa yupi hasa

Papa wako wa aina mbili ukiwatazama kwa namna wanavyopumua. Wapo wanaolazimika kuogelea bila kusimama ili maji yapite kwenye matamvua yao. Wapo wanaovuta maji kwa misuli ya kinywa na kuyasukuma kupitia matamvua hata wakiwa wamelala kimya. Hawa wa pili ndio tunaowazungumzia. Wa kwanza waache baharini. Papa wa miambani mwenye ncha nyeusi za mapezi, Carcharhinus melanopterus, huuzwa akiwa mtoto mzuri wa kupendeza, kisha hukua kupita mita moja na nusu na hatulii hata usiku. Hakuna chumba cha kulala wala sebule itakayomtosha. Isitoshe, tangu Novemba 2023 biashara ya kimataifa ya ukoo wake mzima inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka.

Kati ya wanaolala chini, wenye umbo la kuingia nyumbani ni hawa. Papa paka wa matumbawe, Atelomycterus marmoratus, hufika takribani sentimita 70. Papa mianzi mwenye madoa meupe, Chiloscyllium plagiosum, hukaribia sentimita 95. Ndugu yake mwenye mistari ya kahawia, Chiloscyllium punctatum, hupita mita moja. Hemiscyllium ocellatum wa kaskazini mwa Australia na Guinea Mpya, yule mwenye doa jeusi kubwa nyuma ya kichwa na ambaye hutembea kwa mapezi, naye hufika mita moja na kidogo. Ukiniuliza mimi, yule wa kwanza ndiye papa wa nyumbani. Wengine wote ni papa wa mtu aliye tayari kutoa chumba.

Heterodontus francisci wa pwani ya California ana mwili wa mita moja hivi na sura ya kuchekesha, lakini anatoka kwenye maji ya ubaridi. Atahitaji mashine ya kupoza maji, na bei ya mashine hiyo hupanda kadiri lita zinavyoongezeka. Usimchague kwa ajili ya sura.

Kuna mmoja wa kumkataa kabisa, nao wauzaji humpenda kwa sababu ni mpole: papa anayeitwa nesi, Ginglymostoma cirratum. Huzaliwa akiwa na sentimita 30 hivi, anakaa vizuri kwenye tangi la duka, anakula mkononi. Akikomaa anaweza kufikia mita 3.

Na kabla hatujaendelea, angalia chumvi. Samaki wa maji yasiyo na chumvi wanaouzwa kwa jina la papa, kama papa mwenye mkia mwekundu au yule wa rangi ya fedha mwenye kingo nyeusi za mapezi, si papa hata kidogo. Ni samaki wa mifupa, jamaa za samaki aitwaye kapu (carp). Wana mahitaji yao ya nafasi, lakini mwongozo huu si wao.

Hatua ya pili: andika urefu wa papa aliyekomaa

Si urefu wa yule uliyemwona dukani. Chukua kipimo cha juu kinachojulikana cha aina hiyo, kiandike kwenye karatasi, na hesabu zote zinazofuata zitoke hapo. Papa mianzi huanguliwa akiwa na sentimita 15 hivi, na mwaka wa kwanza hukua mbio. Usemi kwamba samaki hukua kulingana na tangi lake ni uongo unaokwenda vizuri dukani: papa aliyebanwa hadumai kwa amani, hupinda mgongo, hususia chakula, huchubuka.

Tangi kubwa baadaye pia ni ahadi ambayo wengi hawaitimizi. Mtu hununua dogo leo akisema la kudumu atalitafuta mwakani. Mwakani papa ana nusu mita na fedha zimekwenda kwingine. Kama huwezi kulijenga tangi la papa aliyekomaa sasa, au angalau kuwa na mahali pake na fedha zake zikiwa zimetengwa, subiri.

Hatua ya tatu: chaki na mpira wa maji

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na haigharimu kitu. Kata kipande cha mpira wa kumwagilia bustani chenye urefu ule ulioandika. Tuseme sentimita 90. Mpira ni mzuri kuliko kamba kwa sababu haukunjiki papo hapo. Una ubishi kidogo, kama uti wa papa. Kisha nenda mahali unapotaka kuweka tangi, chora mstatili kwa chaki, na uupitishe mpira ndani yake ukiuzungusha bila kugusa mistari.

Utaona mambo mawili. Urefu wa tangi hausumbui sana. Mtu yeyote akiambiwa papa atachora tangi refu. Kinachosumbua ni upana, yaani kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma. Hapo ndipo papa anapogeukia, na papa wengi hawawezi kurudi kinyumenyume kama samaki wengine. Akifika mwisho lazima ajipinde.

Kanuni ninayotumia ni hii: urefu wa tangi uwe mara tatu ya mwili wa papa, na upana uwe mara moja na nusu. Wapo wafugaji wanaoridhika na upana ulio sawa na mwili wa papa, na papa wao wanaishi. Chini ya hapo mimi siwezi kukubali. Tangi langu la kwanza lilikuwa na upana wa sentimita 61, lile la kawaida la kiwandani la sentimita 183 kwa 61 kwa 61, lita 680 hivi. Papa paka wangu alipofika nusu mita, pua yake ilianza kuwa nyekundu kila asubuhi. Nilipima maji, nikabadilisha maji, nikatafuta ugonjwa kwa wiki kadhaa. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa akigonga kioo cha nyuma kila alipogeuka usiku. Wahenga waliposema samaki mkunje angali mbichi, hawakuwa na huyu akilini.

Sasa hesabu. Kwa papa wa sentimita 70: urefu 210, upana 105. Kwa papa wa sentimita 90: urefu 270, upana 135. Kwa papa wa mita moja: urefu 300, upana 150. Hiki cha mwisho ni ukubwa wa kitanda kikubwa na nusu yake, na ndiyo maana nasema utoe chumba.

Acha michoro ya chaki sakafuni kwa siku kadhaa. Pita kando yake ukiwa na ndoo mkononi. Fungua mlango. Papa mianzi anaweza kukaa nawe zaidi ya miaka 15, na muda wote huo mstatili huo hautaondoka.

Hatua ya nne: kina cha maji

Hapa unaweza kupumua, kwa kuwa papa wa chini hawahitaji kina kikubwa. Sentimita 50 hadi 60 za maji zinatosha. Zaidi ya hapo unalipia maji ambayo papa atayatembelea mara chache, na wewe mkono wako hautafika chini. Juu ya maji acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15, kisha mfuniko mzito wenye kufungwa. Papa hawa huinuka kwenye ukuta, husukuma kwa pua, na Hemiscyllium kwa asili yake hupita kwenye mwamba mkavu maji yanapokupwa. Mfuniko mwepesi wa plastiki haumzuii.

Lita sasa zinapatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, halafu kugawanya kwa 1,000. Papa wa sentimita 90: 270 mara 135 mara 50, gawanya kwa 1,000, unapata lita 1,822. Papa wa sentimita 70: lita 1,102. Kumbuka mchanga na mawe hula sehemu ya hizo, kwa hiyo maji halisi yatapungua.

Hatua ya tano: umbo

Kama si lazima kumtazama kwa ubavu, chagua duara. Hodhi la faibaglasi lenye kipenyo cha mita 2.4 na maji ya sentimita 60 lina lita 2,700 hivi, halina kona hata moja, na papa anaweza kuzunguka kutwa bila kukutana na ukuta uso kwa uso. Bei yake huwa nafuu kuliko ya kioo cha ukubwa huo. Hasara yake ni kwamba unamwona kutoka juu tu, jambo ambalo binafsi nimelizoea hadi nikalipenda. Madoa ya mgongoni ndiyo mazuri zaidi.

Kwa mstatili, kioo au akriliki vyote vinafaa, hata plaiwudi iliyopakwa epoksi yenye dirisha upande mmoja. Angalia tu mbavu za juu zinazoshikilia kioo zisikuzuie kumwinua papa kwa wavu siku ya dharura.

Kisha usiiharibu sakafu uliyoilipia. Makosa ya wafugaji wa matumbawe huonekana hapa: wanajenga mlima wa mawe katikati, na tangi la sentimita 135 linageuka kuwa vichochoro viwili. Papa anahitaji pango moja la kuingia mwili wote, likae upande mmoja, na lijengwe likikanyaga sakafu ya tangi yenyewe, si juu ya mchanga. Papa huchimba. Jiwe lililokaa juu ya mchanga ataliangusha, na litamwangukia yeye. Mchanga uwe laini, wa sentimita 3 hivi. Changarawe kali huchuna tumbo.

Hita na pampu zote ziondoke ndani ya tangi kuu, ziwekwe kwenye tangi la chini la kuchujia. Papa ataiegemea hita mpaka aungue, na vitundu vidogo vilivyo kwenye ngozi ya pua yake huhisi umeme mdogo mno, kiasi kwamba kifaa kinachovujisha umeme kitamhangaisha kabla hakijakushtua wewe. Tangi la kuchujia huongeza lita za mfumo, na hilo ni jema kwa maji. Usilihesabu kamwe kama nafasi ya papa.

Hatua ya sita: uzito, mlango na mkono wako

Maji ya bahari yana uzito wa kilo 1.025 kwa lita. Tangi letu la lita 1,822 lina maji ya karibu kilo 1,870, na mchanga wa sentimita 3 katika eneo lile unaongeza kilo 160 hivi. Kioo na mawe bado.

Lakini uzito wote si kipimo pekee. Kinachobana sakafu mahali pamoja ni kina: kila sentimita 50 za maji ya bahari huweka zaidi ya kilo 510 juu ya mita moja ya mraba, tangi liwe dogo au kubwa. Sakafu za ghorofa za makazi kwa kawaida husanifiwa kwa mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo papa akae chini kabisa, kwenye zege lililolala juu ya ardhi. Ukiishi ghorofani na bado unataka, hilo ni la mhandisi wa majengo, na usikubali neno la fundi wa matangi peke yake.

Pima pia mlango na kona ya korido. Tangi lenye upana wa sentimita 135 litapita mlangoni likilazwa ubavu, lakini kipande cha sentimita 270 kikifika kwenye kona ya korido hakikunjiki. Wengi huishia kugundisha vioo ndani ya chumba hichohicho, na si wazo baya.

Na usilisukumize tangi ukutani. Mkono wa mtu hufika sentimita 70 au hivi ndani ya maji. Upana wa 135 maana yake utahitaji kusimama pande zote mbili, basi acha njia ya sentimita 60 upande wa nyuma.

Hatua ya saba: je, maji hayo utayamudu?

Papa hula nyama tupu, ngisi, samaki, kamba wadogo, na huchafua maji kupita samaki wa kawaida wa uzito wake. Ndiyo maana lita bado zina kazi. Amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wake, ziwe sifuri. Nitrati ziwe chini, mimi hujaribu zisipite sehemu 20 kwa milioni. Katika maji machache nitrati hupanda haraka, na nitrati nyingi huzuia papa kupata madini ya joto kutoka majini mpaka anaota rovu chini ya koo.

Fanya hesabu ya ubadilishaji kabla ya kununua kitu. Asilimia 20 ya lita 1,822 ni lita 364. Kwa gramu 35 za chumvi kwa lita, hizo ni kilo 13 hivi za chumvi kila mara unapobadilisha, na kilo 64 siku ya kujaza kwanza. Unahitaji pipa la kuchanganyia lenye ukubwa huo, pampu ya kuhamishia na mahali pa kumwaga. Mtu anayebeba ndoo za lita 20 atafanya safari 18 kuingiza na 18 kutoa. Atafanya mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu ataanza kuahirisha.

Kama hesabu hii inakushinda, usipunguze tangi. Badilisha papa. Rudi hatua ya kwanza uchukue aina ndogo zaidi, au ufuge samaki wengine.

Hatua ya nane: mtoto kwenye tangi la mkubwa

Papa aliyetoka kwenye yai, mwenye sentimita 15, anapotea kwenye uwanja wa mita 2.7. Hadhuriki na nafasi, ila wewe hutajua kama amekula. Mwekee uzio wa wavu laini wa plastiki kwenye robo ya tangi kwa miezi ya mwanzo, au tangi dogo lililounganishwa na mfumo huohuo wa maji. Akishaanza kula bila kusitasita, ondoa uzio. Kwa njia hii hununui matangi mawili, na maji yake hayabadiliki siku anapohama.

Papa wawili? Mimi huongeza nusu ya eneo la sakafu kwa papa wa pili, na pango la pili upande wa mbali. Dume na jike ni habari nyingine, maana dume humng'ata jike mapezi wakati wa kujamiiana, na jike lazima awe na pa kukimbilia. Samaki aina ya taa na wengine wa chini wanahesabiwa pia. Sakafu ni ileile.

Hatua ya tisa: jaza kwa kuhesabu

Tangi likishakaa mahali pake, sawazisha kwa pimamaji, kisha lijaze maji ya bomba bila chumvi na uliache siku tatu au nne. Kagua viungo, kagua sakafu kama kuna ufa mpya, kagua kama milango ya chumba bado inafunga. Halafu toa maji yote.

Weka mchanga na pango. Jaza tena, safari hii ukihesabu kwa mita ya maji au kwa pipa lenye alama, na hesabu hadi tangi la kuchujia pia. Namba utakayoipata itakuwa ndogo kuliko ile ya rula, na ndiyo namba ya kweli. Iandike kwa rangi isiyofutika upande wa tangi. Kwa namba hiyo utapima chumvi, utapima ubadilishaji wa maji, na siku ukihitaji dawa utaipima kwayo, ukihakikisha kwanza haina shaba, maana shaba inayoponya samaki wengine humuua papa.

Baada ya hapo tia chumvi, washa pampu, na uyape maji wiki nne hadi nane ili bakteria wanaokula amonia wajijenge kwenye kichujio. Papa bado yuko dukani. Mfuniko ndio wa mwisho kuwekwa, na ujaribu kuusukuma kutoka chini kwa kiganja. Ukiinuka, ongeza uzito.